Bwana Cameron na mto wa Nyangwe

Watu wa Nyangwe wanaujua mto wao. Wanajua kwamba maji ya Lualaba yanatoka kusini, pande za Katanga, yanapita mbele ya kijiji, kisha yanashika njia ya kaskazini. Lakini zamani wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu ya maji hayo. Mto huu unaishia wapi? Hilo ndilo lililokuwa ulizo lao. Mmoja wa watu waliokuja hapa kulitafutia jibu aliitwa Verney Lovett Cameron.

Cameron alizaliwa Uingereza mwaka 1844. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Kijana alipokuwa na miaka 13 aliingia katika jeshi la baharini. Huko alijifunza kazi ya mabaharia: kufuata dira, kupima jua na nyota ili kujua mahali chombo kilipo, kuandika kila siku yale aliyoyaona. Baadaye alitumwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kuzivizia jahazi zilizochukua watumwa. Kazi ile ilimwonyesha kwa macho yake taabu ya watu wanaouzwa.

Wakati huo Daktari Livingstone alikuwa akitembea katikati ya Afrika. Alifika Nyangwe mwezi wa Machi 1871. Alipoona mto mkubwa unakwenda kaskazini, alidhani ni Nili, mto wa Misri. Tusimcheke. Nili nayo inakwenda kaskazini, na hakuna Mzungu aliyejua chemchemi zake zote. Tena Livingstone hakuweza kuufuata Lualaba, maana wenye mitumbwi hawakukubali kumpa. Tarehe 15 Julai 1871 wafanya biashara ya watumwa waliwapiga watu bunduki katika soko la Nyangwe. Watu mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni walipokuwa wakikimbia. Livingstone aliyaona hayo yote. Moyo wake ulivunjika, akarudi Ujiji bila kupata jibu.

Mwaka 1873 Cameron alitumwa kumsaidia Livingstone. Alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi. Katika safari hiyo alikuwa na wenzake watatu, na wapagazi wengi, na kiongozi wao Bombay. Mwenzake mmoja, Moffat, alikufa kwa homa kabla ya kufika mbali. Walipokuwa Unyanyembe, karibu na Tabora, wote wameshikwa na homa, wakapata habari nzito: Livingstone amekwisha kufa. Watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, walikuwa wakiuleta mwili wake. Cameron aliwashauri wamzike pale pale, kwa kuwa njia ilikuwa ya hatari. Wao walikataa. Waliubeba mwili mpaka pwani, na Livingstone akazikwa Uingereza. Wanaume wale walistahili heshima kuliko ile waliyopewa.

Wenzake wawili waliobaki walirudi pwani. Mmoja wao, Dillon, alifia njiani katika ukali wa homa. Cameron hakurudi. Alikwenda Ujiji, akazipata karatasi za Livingstone, akapanda mtumbwi na kulizunguka ziwa la Tanganyika upande wa kusini. Mwezi wa Mei 1874 aliuona mlango wa mto Lukuga, ambao maji ya ziwa hutokea. Kisha akavuka Manyema kwa miguu. Mwezi wa Agosti alifika Nyangwe.

Hapa, watoto, tazameni ramani iliyo ukutani. Kaskazini iko juu ya karatasi, kusini iko chini. Kwa hiyo watu wengi, hata watu wazima, hufikiri kwamba kaskazini ni mlimani na kusini ni bondeni, na ya kuwa mto unaokwenda kaskazini unapanda. Sivyo. Mchora ramani ndiye aliyechagua kuiweka kaskazini juu, angaliweza kuigeuza. Maji hayajui kaskazini wala kusini. Yanajua jambo moja tu, kushuka.

Basi Cameron akawaza hivi: kama Lualaba ni Nili, lazima Nyangwe iwe juu kuliko Gondokoro, mahali pa mto Nili karibu na Juba ya leo. Je, alipimaje kimo cha nchi bila kuiona bahari? Moja ya njia za wasafiri wa siku zile ilikuwa kuchemsha maji. Kando ya bahari maji huchemka kwa digrii 100. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, na maji huchemka upesi zaidi, kwa kadiri ya digrii moja pungufu kila mita 300 hivi. Cameron alipopima aliona kwamba Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro. Akapima pia wingi wa maji. Lualaba, tena wakati wa kiangazi, ilikuwa na maji zaidi ya mara tano ya yale ya Nili pale Gondokoro. Mto mkubwa hauwezi kuingia katika mto mdogo ulio juu yake. Lualaba ni Kongo, akasema, na maji yake yanakwenda Atlantiki.

Alitaka kuufuata mto mpaka mwisho. Lakini Wagenya, wenye mitumbwi, hawakutaka simbi wala nguo. Walitaka walipwe watumwa. Cameron alikataa, akakosa mitumbwi. Kisha akaja Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa, akamchukua mpaka kambi yake ng'ambo ya mto. Huko nako mfalme mmoja alimkataza kupita katika nchi yake. Ikambidi kugeukia kusini, kwenye mji wa Kasongo, mfalme wa Waluba. Akangoja huko miezi mingi.

Kutoka kule alisafiri na Alvez, mfanya biashara kutoka Angola. Hapo tunaona jambo la kuhuzunisha. Yule aliyekataa kulipa watumwa Nyangwe, sasa alitembea katika msafara wa wauza watumwa. Aliona wanawake zaidi ya 50 wamefungwa kamba pamoja, na vijiji vyao vimeteketezwa. Alikasirika, akaandika yote, lakini hakuuacha msafara, maana peke yake asingalipata njia.

Karibu na mwisho chakula kilipungua. Cameron akatangulia mbio na watu wachache, akafika Katombela, kando ya Bahari ya Atlantiki, mwezi wa Novemba 1875. Kinywa chake kilikuwa kikitoka damu. Alikuwa na kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wanaokosa matunda na mboga mbichi. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya katikati kutoka mashariki mpaka magharibi.

Mwaka huo huo wa 1875 jeshi lile lile la baharini la Uingereza lilituma merikebu mbili kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, chini ya Kapiteni Nares. Ukitoka Nyangwe na kwenda kaskazini moja kwa moja, utavuka ikweta, jangwa la Sahara, bahari, na Ulaya, utafika kwenye ncha hiyo baada ya kilometa 10,000 na zaidi. Wataalamu wengine walidhani kwamba nyuma ya barafu kuna bahari wazi isiyoganda. Nares alikuta barafu tupu, na mabaharia wake wakashikwa na kiseyeye kama Cameron. Leo tunajua kwamba ncha ya kaskazini ni bahari iliyofunikwa na barafu, lakini ncha ya kusini ni nchi kavu, na barafu yake imeinuka mita 2,800 juu ya bahari. Kwa hiyo kusini, ambayo ramani inaiweka chini, ndiyo iliyo juu, nayo ina baridi kali zaidi.

Cameron alirudi kwao mwaka 1876, akapewa medali ya dhahabu. Wengine waliendelea kuwa na shaka. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Stanley alipatana na Tippu Tip, akafika Nyangwe, akaufuata mto. Aliona kwamba Lualaba inakwenda kaskazini mpaka inavuka ikweta, kisha inageuka magharibi, halafu inavuka ikweta mara ya pili. Mwezi wa Agosti 1877 alifika Boma, karibu na bahari. Hesabu ya Cameron ilikuwa ya kweli.

Cameron alikufa Uingereza mwezi wa Machi 1894. Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka kuwinda, farasi akamwangusha. Mji wa Nyangwe alioujua yeye ulikuwa umekwisha kuanguka mwaka mmoja mbele, mwezi wa Machi 1893, katika vita kati ya askari wa Leopold na Waarabu.