Barbe-Nicole Clicquot

Barbe-Nicole Clicquot (jina la kuzaliwa: Barbe-Nicole Ponsardin, Reims, Ufaransa, 16 Desemba 1777 – Boursault, 29 Julai 1866) alikuwa mfanyabiashara na mtengenezaji wa divai. Anajulikana zaidi kama Mjane Clicquot, kwa Kifaransa Veuve Clicquot, jina ambalo hadi leo limeandikwa kwenye chupa za shampeni za kampuni yake. Katika maghala yake ndimo ilimobuniwa njia ya kuondoa mashapo ndani ya chupa bila kupoteza mapovu ya divai.

Familia na ndoa

Baba yake, Nicolas Ponsardin, alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo mjini Reims na baadaye meya wa mji huo. Mwaka 1798 Barbe-Nicole aliolewa na François Clicquot, ambaye familia yake ilifanya biashara ya nguo, benki na divai. Mwaka uliofuata walimpata binti yao wa pekee, Clémentine. François alipenda zaidi divai, na mkewe alijifunza kazi hiyo pamoja naye.

Mjane mwenye kampuni

François alifariki mwaka 1805. Mkewe alikuwa na umri wa miaka 27. Baba mkwe wake, Philippe Clicquot, alitaka kuifunga biashara ya divai, lakini mjane huyo aliomba aiendeshe yeye. Sheria ya wakati huo ilimweka mke chini ya mamlaka ya mumewe, naye hakuweza kuingia mkataba bila idhini yake. Mjane hakubanwa hivyo. Philippe alikubali kwa sharti kwamba kwanza afanye kazi kwa miaka minne na mzoefu wa divai, Alexandre Fourneaux. Ubia huo ulipokwisha mwaka 1810, Barbe-Nicole aliendelea peke yake.

Shehena ya Urusi

Vita vya Napoleon vilifunga bandari na masoko mengi ya Ulaya, na kampuni ilikaribia kufilisika. Hata hivyo, ghalani kulikuwa na divai bora ya mavuno ya 1811, mwaka ambao nyotamkia kubwa ilionekana angani. Mwaka 1814, Napoleon alipoanguka, Barbe-Nicole alipakia melini kwa siri zaidi ya chupa 10,000, chini ya usimamizi wa wakala wake Louis Bohne. Kama chupa zingepasuka au kukamatwa njiani, kampuni ingekwisha. Meli ilifika Königsberg (leo Kaliningrad) kabla ya washindani, na divai ikagombewa na wanunuzi. Shehena ya pili ilifuata upesi. Tangu hapo Urusi ikawa soko lake kubwa.

Kuondoa mashapo

Shampeni huchachuka mara mbili, na mara ya pili ni ndani ya chupa iliyofungwa. Chachu hula sukari na kutoa gesi ya dioksidi kabonia. Gesi hiyo haina pa kutokea, hivyo huyeyuka katika divai na kuleta mapovu chupa inapofunguliwa. Lakini chachu iliyokufa hubaki kama mashapo, na divai huwa na ukungu. Awali watu waliimimina katika chupa nyingine, wakapoteza divai na sehemu ya mapovu.

Mnamo 1816, akishirikiana na msimamizi wa maghala yake, Antoine de Müller, alianza kutumia meza yenye matundu. Chupa ziliwekwa humo shingo ikielekea chini, zikazungushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hadi mashapo yakakusanyika kwenye kizibo. Kizibo kilipotolewa, shinikizo la gesi liliyasukuma nje. Kisha chupa ilijaziwa divai yenye sukari na kufungwa tena. Mnywaji akapata divai angavu, na mapovu yakaonekana vizuri ndani ya bilauri.

Miaka ya mwisho na urithi

Katika miaka ya 1820 alipanua shughuli hadi benki, hatua iliyoiweka kampuni hatarini. Mfanyakazi wake Édouard Werlé aliiokoa, akafanywa mbia mwaka 1831. Barbe-Nicole alimwachia usimamizi mwaka 1841.

Washindani waliiga meza yake, na kanuni yake inatumika hadi leo, ingawa mara nyingi mashine ndizo zinazozungusha chupa. Kampuni yake sasa ni sehemu ya kundi la LVMH, na tangu mwaka 1972 hutoa tuzo kwa wanawake wafanyabiashara.