Az-Zahrawi: Tabibu wa Cordoba Aliyeandika Upasuaji na Manukato kwa Kalamu Moja



Kiangazi kikiingia Kigali, kuanzia mwezi wa Juni, vumbi linapanda na midomo inapasuka. Hapo ndipo katika vyumba vya wanafunzi sufuria ndogo huwekwa motoni: nta ya nyuki inayeyushwa, inachanganywa na mafuta, inatiwa harufu ya mnanaa au vanila, kisha inamiminwa katika vikopo na kuuzwa kwa wenzetu. Wengi wanaona ni kazi ndogo ya kujipatia nauli. Lakini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mmoja wa matabibu wakubwa wa Kiislamu aliiona kazi ya aina hii kuwa ni tawi la udaktari, akaiandikia sehemu nzima ya kitabu chake. Huyo ni Abul-Qasim Khalaf ibn Al-Abbas Az-Zahrawi, ambaye Wazungu walimwita Abulcasis. Tumjue maisha yake.

Alizaliwa karibu na mwaka wa 936 katika Madinatuz-Zahra, mji wa kifalme ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu aliujenga nje kidogo ya Cordoba, katika Andalusia, ambayo leo ni Hispania. Jina la Az-Zahrawi limetokana na mji huo. Nasaba yake ya Al-Ansari inamrudisha kwa wale watu wa Madina waliompokea Mtume wetu (s.a.w.).

Alikulia katika zama za neema. Khalifa Al-Hakam wa Pili, aliyetawala kuanzia 961 hadi 976, alipenda vitabu kuliko vita, na maktaba yake ilisifika kila upande. Kijana mwenye kiu ya elimu hakulazimika kusafiri mbali. Az-Zahrawi alisoma vitabu vya Wagiriki vilivyokwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu, akasoma vya Waislamu waliomtangulia, kisha akafanya kazi ya tiba kwa karibu miaka hamsini. Alitibu, akafundisha, akaandika yale mkono wake ulioyajaribu.

Karibu na mwaka wa 1000 alikamilisha kitabu chake, At-Tasrif, chenye makala 30. Jina lake kamili linaeleza kuwa kimeandikwa kwa ajili ya yule asiyeweza kujikusanyia elimu hiyo mwenyewe. Alimfikiria mwanafunzi asiye na maktaba, na tabibu wa mbali asiye na mwalimu. Ndani ya kitabu anawaita wanafunzi wake watoto wake.

Makala ya mwisho, ya 30, ndiyo iliyompa umaarufu. Inahusu upasuaji, na ndani yake kuna michoro ya vyombo takriban 200: visu, kulabu, koleo, misumeno ya mifupa. Alieleza pia kushona majeraha ya ndani kwa uzi wa utumbo wa mnyama, uzi ambao mwili unauyeyusha wenyewe. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri makala hiyo kwa Kilatini huko Toledo, na kwa karne nyingi wapasuaji wa Ulaya waliisoma kama kitabu cha darasani.

Lakini kabla ya kufika kwenye visu, makala ya 19 inazungumzia mapambo na manukato. Humo kuna dawa za kusafisha meno na kuimarisha ufizi, za kuondoa harufu ya kinywa, mafuta ya kulainisha mikono, ubani na uturi. Alieleza namna ya kutengeneza vijiti vya manukato vinavyoviringishwa na kukandamizwa katika kalibu. Kwa sababu hiyo wapo wanaomwita mvumbuzi wa lipstiki. Hilo ni kumvisha nguo isiyo yake, kwani watu walipaka midomo rangi tangu zama za kale za Misri. Sifa yake halisi ni kwamba hakuona aibu kuviweka vitu vya urembo chini ya mizani ileile ya tiba: chagua mali safi, pima, changanya kwa utaratibu, jua kila kitu kinafanya nini mwilini. Makala ya 28, inayohusu kutayarisha dawa, ilichapwa Venice kwa Kilatini mwaka wa 1471, miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya dawa kupigwa chapa.

Kwa nini alikuwa mkali hivyo? Mwenyewe aliona matunda ya ujinga. Anasimulia juu ya tabibu asiyejua aliyekata uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata na mishipa ya damu, na mwanamke yule akavuja damu hadi kufa. Mwingine alitoa jiwe la kibofu akang'oa na kipande cha kibofu chenyewe; mgonjwa hakuzidisha siku tatu. Az-Zahrawi aliandika habari hizo ili wanafunzi wake waogope kuugusa mwili wa mtu kwa kubahatisha.

Uzee wake ulikuwa wa majonzi. Kuanzia mwaka wa 1009 fitna ilizuka Andalusia, Waislamu wakapigana wao kwa wao, na Madinatuz-Zahra, mji wa utoto wake, ukaporwa na kubomolewa. Alifariki Cordoba karibu na mwaka wa 1013, sawa na 404 Hijria. Mji uliompa jina ukabaki magofu; kitabu kikabaki kinasomwa. Allah amrehemu.

Sasa turudi kwenye sufuria zetu. Sisi Rwanda tunajua urembo usio na elimu unavyodhuru. Tangu mwishoni mwa 2018 serikali imekuwa ikikamata krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki na haidrokwinoni. Anayemuuzia mwenzake kitu cha kupaka mdomoni amebeba amana, kwa kuwa kinachopakwa mdomoni mwishowe kinaliwa.

Basi tufuate adabu ya mwalimu wetu. Pima kwa mizani: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta, ya parachichi au ya nazi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi kama 63, kwa hiyo weka bakuli juu ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja. Vyombo viwe vikavu kabisa, maana tone la maji huleta ukungu. Asali haichanganyiki na mafuta, itajitenga chini. Mafuta ya mnanaa yatoshe tone moja au mawili kwa kikopo. Mafuta ya mdalasini huunguza midomo, na yale yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu huweza kuibabua yakipigwa na jua. Andika kwenye kikopo vyote vilivyomo na tarehe uliyotengeneza, ili mwenye mzio ajue kabla hajapaka. Na mwezi wa Ramadhani, yenye ladha yangoje magharibi.

Ikiwa hujui kilichomo kwenye chupa uliyonunua sokoni, usiitie. Kupoteza faranga za chupa moja ni kwepesi kuliko kujibu, duniani na akhera, juu ya mdomo wa ndugu yako uliouharibu.

Wabillahi tawfiq.