Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu Aliyechukuliwa Ofisini

Tarehe 21 Septemba Mama Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, aliyeitwa na Bwana kutoka meza yake ya kazi. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1972, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala wakamtoa ofisini Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki. Hakurudi tena. Tunasimulia maisha yake kwa ajili ya wazazi wa Chunya wanaouza tumbaku, au kuhangaika kwenye maduara ya dhahabu, ili mtoto asomee sheria, huku wakijiuliza elimu hiyo ndefu ni ya nini.

Kiwanuka alizaliwa Mei 1922 huko Buddu, upande wa Masaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la Keya. Aliporudi akawa karani na mkalimani katika Mahakama Kuu. Tunadhani mbegu ilipandwa hapo, kwa maana mkalimani husimama kati ya jaji asiyejua lugha ya mshtakiwa na mshtakiwa asiyejua lugha ya sheria, naye huwasikia wote wawili. Lakini Afrika Mashariki haikuwa bado na kitivo cha sheria; cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Ikambidi aende Chuo cha Pius XII huko Roma, nchini Lesotho, kilichoanzishwa na Kanisa, kisha London, ambako alihitimu na kupata uwakili mwaka 1956.

Siasa tutaigusa kwa kifupi. Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza chama cha Democratic Party, na Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Mwezi uliofuata alishindwa uchaguzi, na Milton Obote akashika nafasi yake. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimtia kizuizini.

Aliyemfungulia ni Idi Amin, baada ya mapinduzi ya Januari 1971. Mwaka huohuo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho. Basi alikuwa na deni la fadhila kwa mtawala, na sote twajua jinsi deni la namna hiyo linavyodaiwa.

Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, na mgeni yeyote akawa mtu wa kutiliwa shaka. Katika hali hiyo wanajeshi walimkamata Mwingereza mmoja, Daniel Stewart, wakamshikilia bila mashtaka. Mawakili wake waliiomba mahakama iamuru aletwe mbele yake na sababu za kumzuia zielezwe. Kiwanuka aliamua kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata raia kwa namna ile, na kwamba aachiwe.

Njia za heshima za kulikwepa shauri kama lile ni nyingi, na kila mwanasheria anazijua: kuliahirisha, kuona kasoro katika karatasi, kulipeleka kwa mwenzake. Aliyeomba haki alikuwa mgeni asiyependwa, na aliyelalamikiwa ndiye aliyeshika bunduki. Jaji hana jeshi. Ana kalamu tu, pamoja na mazoea aliyojengewa miaka mingi ya kuuliza sheria inasema nini kabla ya kuuliza nani atakasirika.

Siku chache baadaye, tarehe 17 Septemba, wafuasi wa Obote waliivamia Uganda wakitokea Tanzania, na Amin akazidisha ukatili. Siku nne baada ya uvamizi huo Kiwanuka alichukuliwa.

Kwetu, Ibara ya 107B ya Katiba inataka mahakama ziwe huru, zizingatie Katiba na sheria tu. Kijana wa Nyanda za Juu Kusini anaweza kusomea sheria Iringa, katika Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, kisha akaenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Twaomba walimu wake wamfundishe pia shauri la Stewart. Mchimbaji mdogo wa Makongolosi anayegombania duara lake na mtu mwenye fedha atalihitaji siku moja.

Serikali ya Amin ilikana kuhusika. Tangu 2018 Mahakama ya Uganda humkumbuka Kiwanuka kwa mhadhara wa kila mwaka. Mkewe Maxencia na watoto wao hawakupata mwili wa kuzika.