Ehrenberg, Msomi Aliyewatambua Amiba kwa Magamba Yao

Wasomaji wetu wanaoishi Uccle, kusini mwa Brussels, wanaujua vyema msitu wa Soignes. Katika msitu kama huo, kwenye majani laini ya kijani yanayofunika mawe na magogo yenye unyevu, huishi amiba wenye magamba, viumbe wa seli moja wasioonekana bila ya hadubini. Miongoni mwa waliotangulia kuwapa majina ni Christian Gottfried Ehrenberg, msomi mashuhuri wa Kijerumani.

Ehrenberg alizaliwa tarehe 19 Aprili 1795 katika mji wa Delitzsch. Baada ya kuhitimu masomo ya tiba mjini Berlin, mwaka 1820 alifunga safari pamoja na rafiki yake Wilhelm Hemprich, wakapita Misri, Sinai na pwani ya Bahari ya Sham hadi bandari ya Massawa, iliyoko Eritrea ya leo. Wenzao kadhaa walifariki njiani, na tarehe 30 Juni 1825 Hemprich naye alifariki kwa homa huko Massawa, akiwa na umri wa miaka 29. Ehrenberg alirejea nyumbani bila ya rafiki yake.

Baada ya hapo alijikita kwenye hadubini. Mwili wa amiba hubadilika umbo kila mara, lakini gamba halibadiliki, na hubaki hata baada ya kiumbe kufa. Katika miaka ya 1830 Ehrenberg aliwapa jina Arcella wale ambao gamba lao ni mfano wa bakuli lililofudikizwa, la rangi ya manjano au kahawia, lenye tundu la mviringo katikati upande wa chini. Difflugia acuminata alimtambua kwa gamba refu la chembe za mchanga zilizogandishwa pamoja, lenye ncha nyuma.

Hata hivyo, hakupatia kila kitu. Alishikilia kwamba viumbe hao wana matumbo mengi na viungo kamili kama wanyama wakubwa. Mwaka 1835 Mfaransa Félix Dujardin aliipinga rai hiyo. Ehrenberg hakukubali, lakini utafiti uliofuata ulimpa haki Dujardin.

Ehrenberg alifariki dunia mjini Berlin tarehe 27 Juni 1876. Vioo vyake vya hadubini takriban 40,000 vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini humo. Aliyodhani ameyaona ndani ya viumbe hao yameachwa. Majina aliyoyatoa kwa kuangalia umbo, tundu na rangi ya gamba yangali yanatumika hadi leo.