Sheikh Uways wa Barawa na wasomi waliomtafiti

WAISLAMU wengi wa mijini wamewahi kupita karibu na halka ya zikri ya Qadiriyya, ama usiku wa maulidi, ama siku ya ziara. Wako wanaosimama wakashiriki, na wako wanaoharakisha hatua wakisema hiyo ni bid'a. Lakini ukiwauliza wote hao ni nani aliyeieneza zikri ile katika mwambao wetu, ni wachache watakaokutajia jina la Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi. Ajabu ni kwamba jina hilo limeandikwa zaidi katika vitabu vya maprofesa wa Ulaya na Marekani kuliko katika vitabu vyetu vya Kiswahili.

Katika makala hii tutaeleza kwa ufupi maisha ya Sheikh huyu, kisha tutazame wasomi wa fani mbalimbali walimwonaje. Hatukusudii kumtetea kila alilofanya wala kumhukumu. Tunakusudia kuuliza swali moja: Mja anayemtaja Mola wake mpaka machozi yakamtoka, je, hali yake inaweza kujulikana na mtu anayemtazama akiwa na kalamu na daftari?

Sheikh Uways alizaliwa Barawa mwaka 1847. Barawa ni mji wa bandari kusini mwa Somalia, na wenyeji wake wengi wana lugha yao, Chimini, ambayo ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Hakuzaliwa katika nyumba ya masharifu wala ya matajiri. Hili tuliweke akilini, kwa sababu katika zama zile elimu ya dini katika miji ya pwani ilishikwa zaidi na koo chache zenye nasaba ya kujulikana.

Alisoma Qur'ani, fiqhi na tafsiri hapo kwao Barawa. Mnamo mwanzoni mwa miaka ya 1870 akafunga safari kwenda Baghdad, lilipo kaburi la Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki mwaka 1166. Huko akasoma kwa Sayyid Mustafa, katika kizazi cha Sheikh Abdulqadir, akapewa ijaza ya Qadiriyya. Akahiji Makka, akazuru Madina, na mwaka 1883 akawa amerejea kwao.

Hapa inafaa tukumbushane kwamba Baghdad ni mji aliofundisha Imam Ghazali. Mwaka 1095 Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nizamiyya, akisikilizwa na mamia ya wanafunzi. Ghafla ulimi wake ukawa mzito, akashindwa kusomesha, akaacha cheo na mshahara akaondoka kwenda kuitafuta njia ya masufi. Baadaye aliandika kisa chake mwenyewe, akaeleza kwamba kujua maana ya afya ni kitu kimoja na kuwa na afya ni kitu kingine. Tabibu mgonjwa anaijua afya vizuri sana, lakini hana. Elimu ya namna hiyo ya pili ndiyo masufi wanayoiita dhauq, yaani kuonja.

Kisa hicho cha Ghazali kiliwafikia Wazungu kwa tafsiri ya Kifaransa. Mwaka 1901 na 1902, William James, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa mihadhara huko Edinburgh kuhusu hali za kiroho za watu wa dini mbalimbali. Alitaja alama nne za hali hizo: kwamba hazielezeki kwa maneno, kwamba mwenye nazo huona amepata ujuzi, kwamba hazidumu, na kwamba mtu huhisi ameshikwa na nguvu isiyo yake. Alipofika kwa Waislamu shahidi wake alikuwa Ghazali, aliyekwishafariki karibu miaka mia nane. Wakati huohuo Sheikh Uways alikuwa hai, akisomesha na kuongoza zikri Afrika Mashariki, wala mihadhara ile haikumtaja.

Tukirudi kwa Sheikh wetu, yeye hakukaa tu Barawa. Katika miaka ya 1880 alifika Unguja na kupokewa na Sayyid Barghash, na akarudi tena katika enzi za masultani waliofuata. Aliweka makhalifa, na makhalifa wakaweka makhalifa. Alitunga kasida kwa Kiarabu na kwa Kisomali, ili hata mchungaji na mama wa nyumbani asiyejua Kiarabu aweze kumsifu Mtume (s.a.w.) kwa lugha ya mama yake.

Wakati ule ulikuwa mzito. Wajerumani walikuwa wameshika Tanganyika, Waingereza wameshika Unguja na Kenya, na Wataliani wako Somalia. Watumwa walikuwa wanaachwa huru bila ardhi wala ukoo wa kuwapokea. Katika halka ya zikri hakuna aliyeulizwa babu yake nani. Mfano mzuri ni wa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa pwani akiwa mtumwa, akasoma, na mpaka anafariki mwaka 1931 alikuwa khalifa mkubwa wa Qadiriyya anayebusiwa mkono na wana wa waliokuwa mabwana.

Sasa tuwatazame waliomtafiti Sheikh Uways na njia yake.

Wa kwanza walikuwa maofisa wa kikoloni. Mwaka 1908 ilienea barua katika pwani ya kusini, hasa Lindi, iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwaonya Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia na wamrudie Mola wao. Wajerumani, ambao walikuwa wametoka tu kwenye vita vya Majimaji, waliingiwa na hofu, wakazitilia shaka tarika. Profesa Carl Becker wa Hamburg akachapisha utafiti juu ya Uislamu wa koloni lile. Kwao zikri lilikuwa jambo la usalama wa dola.

Baadaye wakaja wanahistoria. B. G. Martin, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya tarika za Afrika katika karne ya 19, alimpa Sheikh Uways sura nzima, akaonyesha uhusiano wa tarika na upinzani dhidi ya wakoloni. Mwaka 1980 August Nimtz, msomi wa sayansi ya siasa, alichapisha kitabu juu ya tarika nchini Tanzania, akiitazama sana Bagamoyo. Yeye aliona uongozi, na jinsi wanyonge walivyopata sauti. Na kabla ya wote hao, mwaka 1971, mwanaanthropolojia I. M. Lewis, aliyewajua vizuri Wasomali, alitoa kitabu juu ya watu wanaopandwa na hali za kiroho, akaeleza kwamba mara nyingi ni wale waliosukumwa pembeni na jamii.

Wanafalsafa nao wana mjadala wao. Walter Stace, mwaka 1960, alishikilia kwamba kiini cha hali hizi ni kimoja katika dini zote. Steven Katz, mwaka 1978, akampinga, akisema mtu huona kulingana na alichofundishwa. Na madaktari wa ubongo wameingia uwanjani wakiwa na mashine zinazopiga picha ya damu inavyozunguka kichwani mtu anapoomba.

Hatusemi kwamba wote hao wamepotea. Kila mmoja ametuletea kitu. Mwanahistoria ametupa tarehe, mtu wa siasa ametuonyesha kwa nini mtumwa wa jana alifuata njia hii, na tabibu ametuonyesha kwamba zikri inagusa mpaka mwili. Lakini kila chombo hupima kile kilichotengenezewa kupima. Mizani haipimi joto, na saa haipimi uzito. Anayetafuta siasa atakuta siasa, na atakayetazama damu kichwani ataona damu. Ikhlasi haina mashine.

Tena tusisahau jambo moja muhimu. Martin aliweza kuandika sura yake kwa sababu kulikuwa na kitabu cha Kiarabu, al-Jawhar al-Nafis, kilichoandikwa na mwenye njia hiyo mwenyewe, Sheikh Abdurrahman bin Umar wa Warsheikh, na kuchapishwa Cairo mwaka 1964. Kimejaa manaqib na karama ambazo profesa hawezi kuzithibitisha. Lakini kama muridi huyo asingeshika kalamu, profesa angebaki zaidi na mafaili ya wakoloni.

Somo hili linatuhusu sana sisi tunaofundisha huku Ngara. Qadiriyya iliifuata njia ya misafara mpaka Tabora na Ujiji, ikavuka kuingia Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 tu, wakapiga kambi hapa Benaco. Mashirika yalihesabu mahema, magunia ya mahindi na lita za maji, na walifanya vyema, maana bila hivyo watu wangekufa. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo Waislamu. Uradi walioukimbia nao vifuani haukuwa na safu katika daftari la kugawia chakula. Kambi ilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996, na watu wakatawanyika. Wazee waliopita hapa na kilichowashika wasikate tamaa, nani kati yetu alikiandika?

Mwisho wa Sheikh Uways nao una uchungu wake. Aprili 1909, akiwa katika makazi yake ya Biyoley, bara ya Barawa, alivamiwa na kuuawa pamoja na baadhi ya wanafunzi wake. Hawakumwua Wataliani wala Waingereza. Waliomwua walikuwa wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, shujaa aliyepigana na wakoloni kwa miaka 20 na ambaye naye alikuwa mtu wa tarika, ya Salihiyya. Walikuwa wamegombana kwa mashairi makali, na moja ya waliyogombania ni tawassul kwa mawalii waliofariki. Waislamu wawili, kibla kimoja, maadui wa nje walewale, na bado damu ikamwagika.

Ndugu zangu, mjadala wa bid'a na Sunna upo, na wenye elimu waufanye kwa dalili. Lakini mgeni anayemtazama Muislamu kwa mbali ana udhuru akiona siasa tu au mishipa tu. Sisi hatuna udhuru huo. Tunasujudu safu moja na watu hawa. Kabla ya kumhukumu mzee wa zikri mtaani kwako, kaa naye, muulize alisoma kwa nani, alimpokea nani, na nini kilimfanya adumu miaka 50 katika uradi wake. Uandike majibu yake kwa Kiswahili, kwa uaminifu, yale unayoyakubali na yale unayoyakataa. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Yaliyomo vifuani anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Yaliyo dhahiri ni amana juu yetu, na amana huulizwa.