Lau Taha Hussein Angeomba Kazi Kwetu

Hivi majuzi nikiwa Shimoni, kusini mwa Kwale, niliketi barazani na kijana mmoja mwenye shahada ya ualimu ambaye haoni. Mbele yetu mashua zilikuwa zikipakia abiria wa Wasini. Alinisimulia jinsi alivyoitwa mara tatu kwenye usaili wa kazi, na mara zote tatu wasaili hawakumuuliza lolote kuhusu Kiswahili wala historia, masomo aliyoyafuzu. Walitaka kujua ni nani atakayemshika mkono hadi darasani, na ataandikaje ubaoni. Kisha wakamshukuru kwa kufika. Nilipokuwa njiani kurejea Ukunda, fikira zangu zilimwendea mtu mmoja anayejulikana na kila msomi wa fasihi ya Kiarabu, nami naona ni vyema niyasimulie maisha yake kwa walimu na wanafunzi wausomao ukurasa huu.

Taha Hussein alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji kilicho karibu na Maghagha, Misri ya Juu, akiwa mmoja wa watoto 13 wa karani wa kampuni ya sukari. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi aliugua macho. Kinyozi wa kijiji ndiye aliyeitwa kumtibu, na tiba hiyo ikampofusha. Chuoni alihifadhi Kurani nzima kabla ya kutimiza miaka kumi. Kwa mtoto wa hali yake, jamii ilikuwa imekwisha kumpangia riziki: awe msomaji wa Kurani katika matanga na hitima. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini hakuna aliyemuuliza kama aliitaka.

Mwaka 1902 alipelekwa Al-Azhar, mjini Kairo. Watahini wa kuwapokea wanafunzi walimwita kwa upofu wake, si kwa jina lake. Alifaulu mtihani, lakini mwito huo ulimchoma moyo hata akausimulia miaka mingi baadaye katika kitabu cha maisha yake, Al-Ayyam.

Hapa naomba niseme neno kama mwanaisimu. Katika Kiswahili, majina kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yamo katika umbo la KI-VI, umbo moja na la kiti na kisu. Ni kweli kwamba kijana na kiongozi nao wamo humo, kwa hiyo kiambishi peke yake si tusi. Ni kweli pia kwamba upatanisho humrudisha mhusika miongoni mwa watu, kwani husema kipofu anasoma, hatusemi kipofu kinasoma. Sarufi imemtambua mtu huyu kuwa mtu, lakini wasaili wetu wengi bado. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na atajwe kwa namna isiyomdunisha.

Turejee Kairo. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Misri kilifunguliwa, na Taha akawa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Alipoomba kupelekwa Ufaransa kwa masomo zaidi, maombi yake ya kwanza yalikataliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1914 alipata shahada ya uzamifu, ya kwanza kutolewa na chuo hicho, kwa utafiti juu ya Abu al-Ala al-Maarri, mshairi wa Shamu ambaye naye hakuwa akiona. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Alisoma Montpellier, kisha Sorbonne mjini Paris, ambako alipata uzamifu wa pili kwa tasnifu juu ya Ibn Khaldun. Msichana aliyekuwa akimsomea vitabu, Suzanne, alifunga ndoa naye mwaka 1917.

Aliporejea mwaka 1919, chuo kikuu kilimwajiri kufundisha historia ya Wayunani na Warumi. Aliwezaje? Alikuwa na mtu wa kumwongoza, wa kumsomea na wa kuandika aliyoyatamka. Swali lile lile analoulizwa kijana wa Shimoni lilikuwa na jibu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tofauti ni kwamba huko msaada huo ulihesabiwa kuwa utaratibu wa kazi, hali kwetu hugeuzwa kuwa sababu ya kumnyima mtu kazi.

Kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya ushairi wa zama za kabla ya Uislamu kilizua ghadhabu kubwa. Mwaka 1932, akiwa mkuu wa Kitivo cha Fasihi, serikali ilimwondoa kwa kuwa alikataa kuwatunukia wanasiasa shahada za heshima. Zingatia jambo hili, msomaji: alifukuzwa kwa ajili ya msimamo wake, si kwa ajili ya macho yake. Hata katika kuadhibiwa alipimwa kama watu wengine. Alirejeshwa mwaka 1934, akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Alexandria mwaka 1942, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu, akaondoa karo katika shule za sekondari. Alifariki Oktoba 1973.

Aghalabu maisha haya husimuliwa kama muujiza, na hilo ndilo kosa. Tukisema Taha alikuwa muujiza, tunajipa ruhusa ya kumfungia mlango kila asiyefikia kimo chake. Mwenye macho haambiwi awe Taha Hussein ndipo apewe darasa la tano. Walimu wa wastani wanaoona huajiriwa kila mwaka, seuze kijana aliyefuzu kwa kuvipapasa vitabu vya nukta nundu?

Si sheria tunayoikosa. Kifungu hicho cha 54 kinalenga angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma. Sheria ya mwaka 2003 ilikataza ubaguzi katika ajira, na ile ya mwaka 2025 iliyochukua mahali pake imeendeleza katazo hilo. Lakini sheria haiketi katika chumba cha usaili. Wanaoketi ni watu, na wengi wao ni walimu au walifunzwa na sisi.

Basi ombi langu kwao ni dogo. Mwombaji asiyeona akiingia, mwiteni kwa jina lake. Muulizeni kwanza juu ya somo lake, kama mlivyomuuliza aliyemtangulia. Akishindwa, mkataeni kwa haki. Akifaulu, ndipo mumuulize anahitaji msaada gani ili aianze kazi Jumatatu. Hujafa hujaumbika, na kiti kile cha mwombaji chaweza kesho kuwa chetu au cha wana wetu.