Mtu Mwema Anataka Nini?

Mwishoni mwa mwaka 1867, katika mji wa Geneva, alikuwapo Mrusi mmoja wa miaka 46 aliyekuwa na deni la riwaya. Fyodor Dostoevsky alikwisha pokea malipo ya awali kutoka jarida moja la Moscow, na fedha zile zilikwisha liwa: nyingine kwa chakula na kodi, nyingine, wala halifichiki, kwa kamari. Nguo ziliwekwa rehani. Mkewe Anna, aliyemwoa mwaka ule ule, alikuwa mja mzito.

Mateso hayakuwa mageni kwake. Mwaka 1849 utawala wa Tsar ulimfikisha uwanjani kupigwa risasi kwa kushirikiana na vijana waliojadili mageuzi, na dakika za mwisho adhabu ikageuzwa kuwa miaka minne ya kazi ngumu Siberia. Kifafa nacho kilimwandama.

Madaftari yake ya majira yale yamehifadhiwa. Shujaa wa kwanza hakuwa mwema hata kidogo. Alikuwa kijana wa kiburi, chuki na matamanio makali. Dostoevsky akampanga na kumpangua, akambadilishia jamaa na mapenzi, wala hapana mpango uliosimama. Mwezi Desemba akavitupa vyote, akaanza upya. Sasa alikusudia kumwonyesha mtu mwema kwelikweli, kazi aliyoikiri kuwa ngumu kuliko zote.

Ugumu wenyewe u wazi. Mwenye tamaa huikokota hadithi: mpe mali ya kuitafuta au adui wa kumwangusha, naye atakwenda mwenyewe. Asiyejitakia chochote atakwenda wapi? Hapa ndipo baadhi ya waandishi wetu wa visiwani, na sisi wa Chama tuliowahimiza, tulipoteleza. Tulitaka mwenyekiti mwema wa ushirika, tukapata sanamu. Alitaka lile tu lililotakiwa na hotuba.

Dostoevsky alimpa Mwanamfalme Myshkin haja moja, kumwokoa kila aliyefedheheka mbele yake, kisha akamtia katikati ya watu wenye kutaka kwa meno na kucha. Ganya anazitaka rubuli 75,000 alizoahidiwa akimwoa Nastasya Filippovna. Rogozhin anamtaka bibi mwenyewe, na anakuja na 100,000. Usiku ule ule Nastasya analitupa furushi lile motoni na kumwambia Ganya alitoe kwa mikono mitupu liwe lake. Ganya anageuka aende zake, anaanguka, anazimia. Maafisa wenzangu waliowahi kuketi karibu na fedha ya umma wasome ukurasa huo polepole.

Myshkin naye anataka kumwoa Nastasya kwa huruma, na baadaye anampenda Aglaya. Wema wake ukazaa haja mbili zisizokaa nyumba moja, na hapo riwaya ikapata damu.

Sura za kwanza zilichapishwa Januari 1868. Mwezi Mei binti yao Sonya, mtoto wa miezi mitatu, akafariki. Baba aliendelea kupeleka sura, kwani deni halikujua msiba. Alimaliza Januari 1869 mjini Florence: Rogozhin amemwua Nastasya, na Myshkin, akimpapasa muuaji kichwani kama mtoto, akili imemtoka. Kitabu kikaitwa kwa neno la Kirusi lenye maana ya punguani.